Ruhusa ya Aseel

Mahbuba alimtaka mdogo wake afike saa kumi ya alasiri. Asaad akafika saa kumi na nusu, kanzu imenyooka, kilemba kimekaa sawasawa, anatabasamu kama mtu anayekwenda harusini.

"Umechelewa," Mahbuba akamwambia kabla hajaitikia salamu.

"Magari, dada. Qurum pale yamesimama."

"Qurum yanasimama kila siku. Ungetoka mapema."

Alikuwa keshavaa baibui, mkoba uko begani. Nadra, binti yake, alisimama kwenye mlango wa jikoni na sare yake ya uuguzi, ametoka zamu muda mfupi uliopita. Siku zake za mwisho za kazi zilikuwa zinahesabika.

"Mama, huko taratibu. Mzee Sleyum hapendi kuharakishwa."

"Nani kamharakisha? Nnakwenda kumuomba. Karatasi nnayo hapa, imeshapigwa chapa, Badr anaweka sahihi, tunarudi kula."

"Chakula chenyewe tumbo la Mjomba Asaad halikitaki," Nadra akatania, ili mama yake alainike kidogo.

"Tumbo langu liko salama," akasema Asaad. "Mama yako huyu ndiye anayenitia kiungulia." Akacheka peke yake.

Mambo yote mengine yalikuwa tayari. Nadra alifanya mitihani, vyeti vyake vya chuo vikapitiwa huko Kanada hadi wakaridhika navyo, na kibali chake cha kazi kikatoka, pamoja na cha mwanawe cha kuishi huko. Hospitali iliyomtaka ilikuwa Elmridge, mji mdogo wa wakulima wa ngano katikati ya nyika zisizo na mlima wala mti, hospitali ya vitanda kumi na sita ambayo nusu ya wagonjwa wake ni wazee wasiotarajiwa kurudi makwao. Daktari huja mara mbili kwa wiki. Usiku hubaki muuguzi na msaidizi wake. Nadra alipoeleza kwamba wakati wa baridi gari la huko huchomekwa kwenye umeme usiku kucha, asubuhi liweze kuwaka, Mahbuba alimuuliza kama na punda wao wanachomekwa. Lakini aliunga mkono safari tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyesema Nadra aandike barua ya kuacha kazi mapema, asije akaambiwa dakika ya mwisho kwamba hajatoa taarifa. Miaka yote aliyokuwa mkuu wa ofisi katika skuli ya wasichana, Mahbuba hakuwahi kufika mahali akakuta jambo halijapangwa.

Kilichobaki ni ruhusa ya baba. Wakili aliwaambia waziwazi kwamba Aseel, mtoto wa miaka minane, hatoki nchini bila ya idhini ya Badr. Na Badr, aliyemwacha Nadra miaka mitatu nyuma, alisema kwenye simu kwa sauti yake ile ya upole, "Mimi sina neno. Lakini njooni kwa mzee mumuombe. Msije kwangu mimi, njooni kwake."

*

Nyumba ya Sleyum, baba yake Badr, ilikuwa Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa wenye nacho, kuta nyeupe, geti la chuma linalofunguka lenyewe. Zamani, Nadra alipokuwa mke wa nyumba hii, Mahbuba aliingilia mlango wa kina mama na kwenda moja kwa moja mpaka jikoni. Leo walimpitisha ubavuni, kwenye majlisi, sebule ya kupokelea wageni wanaume, kwa kuwa mwenye haja ni yeye. Akakaa karibu na mlango, miguu ameikunja, mkoba mapajani. Asaad akakaa mbele yake kidogo, maana ndiye atakayesema.

Mzee Sleyum aliwauliza hali zao, za watoto, za jirani, kisha za joto. Alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini nyumbani kwake alipenda Kiarabu, Kiswahili alikitoa akiwa na mzaha au na dharau. Watu wake walitoka ndani ya nchi hii, kwenye miji ya milimani, na mila zao hawakuziacha hata walipohamia mjini.

Badr mwenyewe ndiye aliyetia kahawa. Alisimama na dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, akamkabidhi Asaad, kisha Mahbuba. Mahbuba akanywa. Asaad alipokea, akashukuru, akaiweka finjani juu ya zulia, mbele ya goti lake. Hakuigusa tena.

Mzee Sleyum aliitazama ile finjani. Akaacha habari ya joto. Majlisi ikanyamaza kiasi cha kusikia mashine ya kupoza hewa ikinguruma ukutani. Badr naye alisimama na dele lake, hamimini wala haliweki chini.

Mahbuba aliona kitu kimoja tu, kahawa ya watu inayopoa mbele ya ndugu yake. Kwao Tabora alikozaliwa, na kila nyumba aliyoishi tangu hapo, mgeni anayeacha alichopewa amemwambia mwenye nyumba kwamba mikono yake michafu. Akakumbuka kiungulia cha Asaad, akaona ndicho kinachomzuia. Akasogea, akamgusa paja.

"Asaad, kunywa kahawa ya watu. Usitutie aibu."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini hapakuwa na sauti nyingine ya kuifunika.

"Dada," Asaad akajibu bila ya kugeuza kichwa, "ngoja."

"Ngoja nini? Kunywa!"

Asaad alikuwa na mvi na wajukuu, lakini dada huyu ndiye aliyemvusha barabara, aliyemkagua kucha, aliyemfundisha kusoma. Mkono wake ukanyanyuka kabla hajaamua. Akanywa yote kwa mkupuo.

Mzee Sleyum, ambaye alikuwa ameinama mbele na mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayetaka kuuliza, akarudi nyuma taratibu na kuegemea mto. Akasema mwaka huu joto limezidi. Badr akanyoosha dele kumtilia Asaad finjani ya pili. Asaad akaitikisa finjani tupu kuonyesha ametosheka.

Mahbuba hakungoja tena. Akaitoa karatasi. "Abu Badr, tumekuja kwa jambo la Aseel. Badr anajua, na sisi tumekuja kwako kwa heshima yako."

Alieleza vizuri na kwa ufupi, kama alivyokuwa akieleza kwenye mikutano ya wazazi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akajibu kwa Kiswahili.

"Kanada mbali, Bi Mahbuba."

"Mbali, lakini ndege zipo."

"Nasikia baridi yao inaua ng'ombe wamesimama."

"Aseel si ng'ombe, Abu Badr. Atavaa."

Badr alikaribia kucheka, akaangalia chini.

"Msikiti upo?"

"Upo. Mji wa pili."

"Mwendo gani?"

Mahbuba hakuwa na tabia ya kusema uongo. "Saa mbili na nusu, kwa gari."

Mzee aliliacha jibu hilo likae hapo katikati ya majlisi mpaka kila mtu alione. "Nadra mtu mzima," akasema mwishowe. "Aende akatafute riziki yake, hatumzuii. Mtoto wetu atakaa kwetu."

"Badr," Mahbuba akageuka, "si wewe uliyenambia huna neno?"

"Mama, mzee keshasema."

"Nakuuliza wewe."

"Keshasema, mama."

Wakasindikizwa mpaka nje. Mtu akamtilia Asaad mkononi kopo la halua, wachukue nyumbani.

*

Ndani ya gari Asaad hakuwasha injini. Joto lilikuwa kama la tanuri, na Mahbuba akamwambia awashe, hakuwasha.

"Dada, unajua kwa nini niliiweka finjani chini?"

"Kiungulia."

"Sina kiungulia." Akapangusa uso kwa ncha ya kilemba. "Kwa watu hawa mgeni mwenye haja hanywi. Anaweka kahawa mbele yake, ananyamaza. Mwenye nyumba akiona hivyo lazima aulize, una nini? Ukishasema, ni fedheha kwake uondoke mlangoni kwake kahawa yako haijanywewa. Atakupa, ama atatafuta njia ya kukupa. Jeshini nilikaa na watu wa huko miaka mingi, nimeona watu wakisamehewa damu kwa finjani moja. Nilikuwa sina njia nyingine, hiyo tu ndiyo niliyokuja nayo."

Mahbuba alimtazama. "Alikuwa anataka kuuliza."

"Alikuwa keshafungua mdomo."

"Mbona hukunambia nyumbani?"

"Ningekwambia ungesemaje?"

Angesema ni upuuzi. Angesema mambo ya mtoto hayaendeshwi kwa vikombe, na kwamba yeye ana karatasi iliyopigwa chapa. Alijua hivyo, na Asaad alijua kwamba anajua.

"Turudi ndani," akasema. "Nitamwambia nimekosea mimi, sikuijua hiyo mila."

"Umwambie nini, dada? Kahawa imo tumboni."

Mahbuba akafunga mkanda. Asaad akawasha gari.

*

Aseel alikuwa mezani na kazi yake ya skuli. Huko Elmridge, Carol, mkuu wa wauguzi aliyemhoji Nadra kwa video, alishauliza namba ya kiatu cha mtoto na kutuma picha ya mabuti ya manyoya, ya rangi ya zambarau, aliyoyapata kwa jirani. Aseel aliiweka picha ile kwenye tableti yake na kumwonyesha kila aliyeingia ndani.

"Bibi, Baba kaweka sahihi?"

"Maliza hesabu zako kwanza."

Mahbuba akamvuta Nadra chumbani na kumwambia yote, bila ya kujipunguzia. Hakuwa mtu wa kuficha kosa lake, aliona ni kupoteza wakati. Nadra alisikiliza amekaa kitandani, viatu vya kazi bado miguuni.

"Mama, mtu anayemkatalia mtoto safari kwa sababu ya kahawa alikuwa keshakataa zamani," akasema.

"Unaamini hivyo?"

"Sijui." Akaanza kuvua viatu, akavua kimoja, akakaa nacho mkononi. "Nataka kuamini."

*

Kuanzia siku iliyofuata Mahbuba alifanya kila alichojua kufanya. Alimpigia Badr, simu ikalia mpaka ikakata. Alimwandikia, ujumbe ukaonekana umesomwa, haukujibiwa. Alikwenda kwa wakili, na wakili akamwambia mahakama inaweza kusikiliza, lakini ni mwendo wa miezi, na upande wa pili utakuja na ramani, uonyeshe msikiti ulivyo mbali. Akauliza je, Nadra akitangulia, mtoto abaki na yeye bibi yake mpaka kesi iishe? Wakili akatikisa kichwa. Mama akiondoka, anayefuata ni baba.

"Hata kama baba mwenyewe hamlei, analelewa na wafanyakazi?"

"Hata hivyo, mama."

Akarudi Madinat Sultan Qaboos peke yake, kwa gari lake, akabonyeza kengele ya geti. Aliyetoka ni Susan, mfanyakazi wa nyumba kutoka Kenya, kitambaa cha kufutia vumbi begani.

"Shikamoo mama. Pole. Wamesema niseme hawako."

"Magari yao yote matatu yapo hapo nyuma yako."

"Naona, mama. Lakini ndivyo wamesema."

Mahbuba alisimama juani kidogo. Alikuwa na maneno mengi, na hakuna hata moja lililomstahili msichana huyu. "Haya. Waambie nilikuja."

"Nitawaambia. Lakini watasema hawakuwako." Susan akatabasamu kwa huruma, akafunga geti pole pole ili lisigonge.

Usiku Nadra alizungumza na Carol kwa video, na Mahbuba akakaa pembeni asipoonekana. Huko kulikuwa asubuhi, na nyuma ya Carol dirisha lilionyesha anga tupu kuanzia chini mpaka juu. Carol alikuwa mwanamke mnene, mpole, macho yamechoka. Alisema wanaweza kumngoja mpaka mwisho wa mwezi. Muuguzi wao wa usiku anastaafu, na wasipompata mwingine itabidi wafunge chumba cha dharura kila giza likiingia, mtu akipata kiharusi apelekwe mjini, mwendo wa saa mbili na nusu. Alirudia mara kadhaa kwamba anasikitika. Mahbuba, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, alishindwa.

"Na mtoto akija baadaye?" Nadra akauliza.

"Kitanda chake kipo," akasema Carol. "Wakati wowote."

*

Magomvi yalikuja wakati wa kukunja nguo. Nadra alikuwa amepanga marundo mawili kitandani, na Mahbuba aliingia akaona kwamba rundo la mtoto limewekwa mbali na sanduku kubwa.

"Usiende," Mahbuba akasema. "Bado. Tungoje mahakama."

"Nikangojee wapi, mama? Nafasi yangu ina mtu. Nilikwenda kuwauliza jana, wakaniambia wameshaajiri, na wakanambia kwa sauti nzuri kabisa. Uliniambia niandike barua, nikaandika. Uliniambia niandike mapema, nikaandika mapema."

Mahbuba akakaa kwenye kiti cha kujipambia.

"Mimi sikulaumu," Nadra akasema, halafu akasimama na gauni mikononi. "La. Nakulaumu. Kila kitu unakifanya kabla watu hawajamaliza kusema. Hata Mjomba Asaad hukumngoja. Alikwambia ngoja!"

"Alinambia."

"Basi."

Aseel alikuwa sebuleni akisikiliza katuni, sauti akaipunguza. Wote wawili wakasikia ilivyopungua, wakanyamaza mpaka ikapanda tena.

"Nikiwa huko nina kazi na nyumba," Nadra akaendelea, chini chini. "Nitaomba tena. Nitamwandikia Badr kila wiki. Nikikaa hapa bila ya kazi, ndipo watakaposema hata kumlisha siwezi."

"Na wakikataa tena?"

Nadra akakunja lile gauni mara mbili, akalikunjua, akalikunja upya. "Usiniulize hilo, mama. Niulize lolote jingine."

Ujumbe wa Badr ulikuja usiku ule ule, wa kwanza tangu siku ya majlisi. Mzee anataka Aseel aletwe Ijumaa baada ya alasiri, na nguo zake za skuli.

Nadra aliondoka Alkhamisi. Aliagana na mwanawe nyumbani, hakutaka uwanja wa ndege. Alimchana nywele, akamsuka, akamwambia anakwenda kutengeneza chumba chake. Aseel akamuuliza atakitengeneza kwa muda gani. Nadra akasema inategemea. Aseel akauliza inategemea nini, na mama yake akasema amesahau pasi imewaka, akakimbilia chumbani, na huko hapakuwa na pasi.

*

Ijumaa Mahbuba alimpeleka mwenyewe. Asaad alisema atakuja, akamkataza.

"Bibi, Mama kafika?"

"Kafika."

"Kuna theluji?"

"Bado. Anasema kuna mashamba tu, yamevunwa, unaona mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Sijui, mwanangu. Alisema hivyo tu."

Geti likafunguka lenyewe. Badr alitoka, akamkumbatia mwanawe, akamuamkia Mahbuba bila ya kumtazama vizuri, akaingia ndani na Aseel amemshika mkono. Mlangoni Aseel akageuka. "Bibi, unaingia?"

"Sanduku kwanza," Mahbuba akajibu.

Hakuna mtu aliyemkaribisha. Susan ndiye aliyekuja kuchukua sanduku. Mahbuba akalishika mpini, hakuliachia.

"Nisikilize. Mayai hali, yanamtoa vipele, hata keki uulize kwanza. Dawa yake ya kifua, ile ya kuvuta, iko mfuko wa mbele. Usiku akikohoa mara mbili tatu mkalishe, usingoje. Nywele zinasukwa Jumamosi, na usizivute, analia lakini hasemi. Halali gizani. Taa ndogo ya choo uiwache inawaka, atakwambia haogopi, anaogopa. Akikwambia keshakula skuli, hajala. Umeshika?"

"Nimeshika mama." Susan akaangalia nyuma, kisha akasogea karibu. "Lakini nikwambie ukweli. Mimi mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Naenda nyumbani."

"Mwezi ujao?"

"Ndio mama. Tiketi iko."

"Nani anakuja badala yako?"

"Hawajasema. Wataleta mtu."

Mahbuba aliutazama ule mlango. Umefungwa, na vumbi la magari lilikuwa limetulia juu ya majani ya bustani. Mlinzi wa geti akampungia Mahbuba mkono asogeze gari, limeziba njia. Alimwona, akamwonyesha kidole kwamba anasogea sasa hivi, kisha akamgeukia Susan na kuanza upya, pole pole safari hii, neno moja moja, kama anayemsomea mtoto imla.

"Mayai hali," akasema. "Umwambie huyo atakayekuja. Mayai hali, hata kwenye keki."